Sifa za Tarumbeta la Jirani

Fumo Liyongo, kwa mapokeo ya washairi wa pwani, aliusifu uta wake. Waliomfuata wamesifu mnazi, jahazi na mke mwema. Huko mbali, Lucian wa Samosata, katika karne ya pili, alikaa akaandika sifa za inzi, na Erasmus wa Rotterdam akausifu upumbavu kitabu kizima, kilichochapwa mwaka 1511. Pamoja na ukarimu wote huo, bado sijaona mahali ambapo amesifiwa mtoto wa miaka kumi na moja anayejifunza tarumbeta upande wa pili wa ukuta wa jasi, saa ambayo mtu mzima aliyetoka kazini amelala. Kiti kiko wazi. Nakikalia.

Najua hatari yake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mpiga tarumbeta akisifiwa huenda akaongeza dakika. Lakini mtoto huyu hasomi Kiswahili, wala mama yake, kwa hiyo nasifu bila woga.

Mambo haya yanatokea Hyattsville, mji mdogo wa Maryland ulio maili chache kutoka mpaka wa Washington, uliopewa hadhi ya mji mwaka 1886 na kurithi jina la mfanyabiashara Christopher Clark Hyatt. Ukipita Baltimore Avenue utaona michoro mikubwa kwenye kuta na karakana za wasanii, maana mji wetu pamoja na jirani zake watatu, Mount Rainier, Brentwood na North Brentwood, umetengwa rasmi kuwa eneo la sanaa. Mabango yanasema hivyo. Watu walihamia kwa ajili ya sanaa, wakalipa kodi ya nyumba iliyopanda kwa ajili ya sanaa, na sasa sanaa imewafuata mpaka chumbani wanakasirika. Nadhani walikuwa wakifikiria sanaa ile ya kuning'inizwa.

Nyumba yetu ni ya ghorofa tatu, matofali kwa nje. Ndani ni mbao zilizosimamishwa na karatasi za jasi zilizopigiliwa misumari huku na huku, yaani ngozi mbili zilizowambwa juu ya fremu moja. Mwenye kujua ngoma hahitaji maelezo zaidi. Waliojenga Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene kiasi cha kuingia dirisha la mtu kukaa, waliwanyima jirani zao starehe hii. Pale ukutani kwangu hakuna kinachopotea: nasikia tarumbeta, nasikia mate yakipulizwa kutoka ndani yake, nasikia ukurasa ukigeuzwa na mtoto akiguna.

Sifa yake ya kwanza ni utunzaji wa saa. Basi la shule la manjano linamshusha, mlango unalia, friji inafunguliwa na kufungwa, na ifikapo saa kumi na robo jioni noti ya kwanza inatoka. Mimi ni mbeba boksi, kama tunavyoitwa sisi tunaofanya kazi za mikono na miguu ughaibuni. Kwa upande wangu boksi lenyewe ni wazee wa nyumba ya kulelea wazee, ninaowageuza usiku kucha wasiote vidonda. Narudi asubuhi. Usiku wangu unaanza wenzangu wakinywa chai. Na hapa sheria ya Maryland imenifundisha jambo ambalo sikulijua: kiwango cha kelele kinachoruhusiwa kwenye makazi ni desibeli 65 mchana na 55 usiku, na usiku, kwa mujibu wa kanuni hiyo, ni kuanzia saa nne usiku mpaka saa moja asubuhi. Basi. Wauguzi, madereva, walinzi, waoka mikate na wafagiaji wa viwanja vya ndege wanaolala saa nyingine hawana usiku; wana mchana wa kulala, kwa hiari yao. Nilipakua programu ya kupimia sauti kwenye simu, nikaiweka juu ya mto. Ikaniambia kijana hajavunja kitu. Nilihuzunika, halafu nikamheshimu. Watu wangapi katika mji huu wanaishi ndani ya sheria kwa ukamilifu huo?

Sifa ya pili ni kiasi, na hii inataka ufundi kuieleza. Tarumbeta halina sauti yake. Ni bomba la shaba lililokunjwa, ambalo likinyooshwa linakaribia mita moja na nusu, na sauti inatoka kwenye midomo ya mpigaji, inayotetemeka dhidi ya kile kikombe kidogo cha chuma. Midomo ni misuli, na misuli ya mtoto wa mwaka wa kwanza haina mazoezi. Baada ya dakika ishirini hivi inavimba, inalegea, noti zinaanza kupasuka, na haidhuru mwalimu amesema nini, lazima apumzike. Linganisha na piano. Piano haichoki kamwe. Mtoto anaweza kuiponda tangu shule mpaka chakula cha usiku, na ikabaki vile vile. Linganisha na spika ya jirani wa mtaa wa nyuma, ambayo Jumamosi nzima inaungwa kwenye umeme na umeme hauna midomo. Mwenyezi Mungu, katika hekima yake, alimwekea breki mpiga tarumbeta pale pale penye injini.

Na tukisema ya kupuliza, tusiisahau mashine ya kupulizia majani makavu. Washington ilizipiga marufuku zile za petroli tangu mwanzo wa mwaka 2022. Sisi tuko nje ya mpaka, tunaendelea kuzifaidi. Inaanza kwenye bustani saa mbili asubuhi, wakati nimeweka kichwa tu, na inahamisha majani kutoka upande wa kushoto kwenda upande wa kulia, halafu upepo unayarudisha. Hakuna aliyepitisha karatasi ya kuishtaki mashine hiyo. Kwa miaka yote niliyoisikia ina noti moja, haijajifunza ya pili, na wala haionyeshi nia. Kijana wangu alianza na noti tatu mwezi Septemba. Sasa ana tano.

Ya sita ndiyo inayonifundisha subira. Anapanda ngazi ya noti, moja, mbili, tatu, nne, tano, vizuri kabisa, na kwenye ya sita midomo inamsaliti. Inatoka sauti ya mbuzi, kimya, halafu anarudi mwanzo. Msomaji, jaribu kulala katikati ya ngazi isiyofika juu. Mwili hauwezi. Unabaki umefumba macho, unaingoja ile ya sita kama abiria wa Ubungo ya zamani aliyengojea basi la Tanga lililosemwa limeshatoka Kibaha. Kuna siku nimeimalizia mwenyewe, kwa mluzi, na nikasikia upande wa pili kimya kirefu cha mshangao. Huko Zanzibar watu wanalipa ada kujifunza haya. Chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi kilifunguliwa mwaka 2002, na kwa miaka mingi kilikaa katika jengo la forodha ya zamani, bahari mbele yake. Mimi nimepata elimu hiyo hiyo bure, kitandani, bila fomu.

Lakini heshima kubwa ya tarumbeta ni ya ukoo, na wenzangu wa nyumba hii, kwa kuwa hawatoki kwetu, hawawezi kuijua. Nani kati yao amesikia habari za siwa? Pate walikuwa na siwa ya pembe ya ndovu, Lamu wakawa na ya shaba, pembe za kupulizwa zilizochongwa na kunakshiwa mpaka kuzitazama tu ni shughuli. Hazikupulizwa ovyo. Zilitoka kwenye arusi na jando za waungwana, na si kila mwenye mapafu aliruhusiwa kuzigusa. Habari za Pate zinasimulia juu ya Mwana Darini, aliyetaka siwa ipulizwe kwenye sherehe ya mwanawe, sultani akamnyima. Akamwita fundi Mwenye Bayayi amchongee yake. Mwanamke aliyenyimwa kelele akatengeneza kelele yake mwenyewe! Hebu mpeni hadithi hiyo yule mama wa ghorofa ya chini, anayegonga dari kwa mpini wa fagio.

Baada ya siwa ikaja beni. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa vijana wa miji ya pwani walisikia bendi za kijeshi na za misheni, wakasema, hata sisi. Wakatafuta tarumbeta na ngoma kubwa, wakavaa sare, wakapeana vyeo vya mfalme, jemadari na admirali, wakagawanyika makundi ya kushindana. Tanganyika ikawa na Marini na Arinoti, na kila bomani penye watu palikuwa na hao wawili wakitambiana. Maafisa wa kikoloni walisikiliza kwa wasiwasi: hawakujua kama wanaambiwa shikamoo au wanatukanwa. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975, na sidhani kama kuna atakayeandika kitabu juu ya mashine ya kupulizia majani. Kanisani nako, wamisionari wa Kijerumani waliacha vikundi vya tarumbeta katika sharika za Kilutheri, na vinapigwa hadi leo. Na Dar es Salaam, nani asiyejua? Matarumbeta yakipanda juu ya pikapu, jasho likiwatoka wapigaji, msafara wa magari yenye riboni ukifuata nyuma, foleni nzima inasimama na hakuna anayepiga honi kwa hasira. Kwetu tarumbeta likilia barabarani maana yake ni moja tu: mtu anaoa.

Hilo ndilo lililoniletea neema isiyotarajiwa. Simu kutoka nyumbani hunikuta jioni ya hapa, wakati kule ni usiku na vifurushi vya intaneti vya usiku ni rahisi. Mara nyingi ni mambo ya mchango: bati, ada, mgonjwa, pikipiki iliyokamatwa. Siku moja shangazi yangu wa Tanga alipiga, akiwa amejiandaa kunieleza kwa urefu habari za paa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akavuta pumzi ya kuanza, na papo hapo ukuta ukalia.

“Huko kuna nini?” akauliza.

“Mtoto wa jirani, shangazi. Anajifunza tarumbeta.”

“Mtoto gani anajifunza tarumbeta saa tano usiku?”

Nikamweleza kwamba hapa ni saa kumi na robo jioni. Akasema sawa, kwa sauti ya mtu ambaye hajasema sawa. Noti tano zikapanda, mbuzi akalia. “Usinifiche, baba,” akaniambia. “Sisi ndio wazazi wako. Binti wa wapi?” Paa halikutajwa tena siku ile. Niliokoa bati ishirini kwa pumzi ya mtoto wa watu.

Sasa karatasi. Ilipitishwa chini ya milango wiki chache zilizopita, imeandikwa kwa adabu kubwa, ikiwaomba wapangaji watie sahihi ili uongozi wa nyumba umzuie kijana kupiga ndani. Mwandishi wake ni jirani ambaye kabla ya hapo sikuwahi kusikia sauti yake. Hili nalo lihesabiwe katika sifa. Kabla ya tarumbeta, watu wa ngazi yetu tulijuana kwa majina yaliyobandikwa kwenye vifurushi vya Amazon vilivyoachwa mlangoni. Unaweza kukaa nyumba moja na mtu miaka na miaka, ukamfahamu kwa harufu ya kitunguu chake tu. Tangu Septemba mambo yamebadilika. Mzee wa El Salvador wa ghorofa ya juu, akisikia noti ya kwanza, anafungua mlango na kunionyesha sakafu kwa kidole, nami nainua mabega. Muuguzi wa Kameruni, ambaye naye ni mtu wa zamu ya usiku, ameniuliza nanunua wapi vizibo vya masikio, na kwa njia hiyo nimejua kijijini kwao, ndugu zake na maradhi ya mama yake. Mama wa kijana mwenyewe nilikutana naye kwenye chumba cha kufulia. Akauliza kama mwanawe anatusumbua. “Hata kidogo,” nikamjibu, nguo zangu za kazi zikizunguka mbele yetu sote wawili, saa sita mchana. Nimelelewa mahali ambapo jirani hashtakiwi. Jirani husemwa.

Wenye karatasi wanasema: aende akapige bustanini, kando ya mto Anacostia, au wapi sijui. Wanao mfano wao mkubwa. Sonny Rollins, mpiga saksafoni, aliacha maonyesho mwaka 1959 akiwa tayari na jina, na kwa sababu jirani yake huko New York alikuwa mjamzito na hakutaka kumsumbua, akawa anakwenda kufanya mazoezi juu ya daraja la Williamsburg, jua na baridi, mpaka mwaka 1961. Aliporudi alitoa albamu akaiita kwa jina la daraja. Dunia nzima inausifu uungwana huo. Mimi nauliza, nani alimwuliza yule jirani? Kuna mtoto New York ambaye angekuja duniani akiwa amesikiliza miezi tisa ya Sonny Rollins kupitia ukuta, akanyimwa, na badala yake waliofaidi ni magari na treni za kwenda Brooklyn. Adabu ikizidi nayo ni uchoyo.

Wafikirie pia yaliyotokea maili chache tu kutoka hapa. Kona ya 7th Street na Florida Avenue, mtaa wa Shaw, palikuwa na duka la simu lililokuwa likipiga go-go kwa spika za nje tangu miaka ya tisini. Go-go ndio muziki wa Washington yenyewe, wa Chuck Brown na ngoma zisizosimama baina ya wimbo na wimbo. Mwaka 2019 mkazi wa jengo jipya la kifahari akalalamika, spika zikanyamazishwa. Kilichofuata wote tulikiona: umati ukajaa barabarani na vyombo vyake, saini zikakusanywa kwa maelfu, siku chache baadaye muziki ukarudi pale pale. Mwaka uliofuata, 2020, go-go ikatangazwa kwa sheria kuwa muziki rasmi wa Washington. Jirani zangu, tuwe waangalifu. Tukimnyamazisha kijana huyu leo, mwakani tutasimama wima kwa heshima ya zile noti tano.

Na kama bado hawajaridhika, namwita shahidi wa mwisho, mwenyeji kabisa. John Philip Sousa alizaliwa Washington mwaka 1854, akaongoza bendi ya wanamaji ya Marekani kuanzia 1880 hadi 1892, na maandiko yake ya gwaride bado yanawatoa jasho watoto wa bendi za shule. Mwaka 1906 aliandika makala ya hasira dhidi ya santuri na piano za kujipiga. Hofu yake ilikuwa kwamba mashine zikishaingia majumbani hakuna mtoto atakayekubali taabu ya mazoezi, na watu wa kawaida wataacha kabisa kupiga na kuimba wenyewe. Yaani zaidi ya miaka mia moja iliyopita, mtu mzima mwenye akili zake alikosa usingizi kwa kuogopa kwamba siku moja nyuma ya ukuta hakutakuwa na mtoto anayekosea noti. Ningependa kumwandikia kwamba asiwe na shaka. Ningependa pia kubadilishana naye chumba.

Karatasi bado iko juu ya friji yangu, haina sahihi. Nimeandika pembeni yake pendekezo moja la kiutawala, kwamba saa ya kuanza isogezwe hadi kumi na moja na nusu, nikishaamka, ili nisikilize kwa makini zaidi. Nilikuwa nataka kuirudisha leo, lakini nimeamka na kukuta simu imejaa. Shangazi ameniingiza kwenye kundi jipya la WhatsApp. Linaitwa Kamati ya Harusi Marekani. Lina mwenyekiti, katibu, mtu wa mapambo, mtu wa usafiri, na picha ya matarumbeta juu ya pikapu. Nimeandika kwamba hakuna harusi, ni mtoto wa jirani. Watu wanane wameweka alama ya kucheka, na mjomba mmoja amesema mabwana harusi wote huwa hivyo mwanzoni. Mweka hazina, binamu ambaye nilimlipia ada miaka mitatu, amejibu kwa upole kwamba desturi inamtaka mwenye shughuli aonyeshe mfano, na anaomba kujua ahadi yangu aiandike kwa shilingi au kwa dola.